Tuliyoyasikia Barazani, Wajukuu Wakayaone

Kizazi changu, sisi tuliozaliwa Likoni kabla ya Uhuru, tulimjua Myahudi kwa masikio. Tulimsikia chuoni, maalimu akitusomesha habari za Nabii Musa na Firauni, na hakuna nabii aliyetajwa katika Qurani mara nyingi kuliko Musa. Wenzetu Wakristo walimsikia kanisani, katika Torati na Zaburi. Ikifika jioni tukamsikia redioni: vita vya 1967, vita vya 1973, Entebbe 1976. Kati ya Musa wa chuoni na askari wa redioni hapakuwa na mtu mwingine. Hatukumjua fundi, wala muuza duka, wala mama aliyeshuka melini na wanawe baada ya kunyang'anywa kila kitu kwao. Barazani kwetu Bofu tuliweza kubishana juu ya watu hawa mpaka adhana ya isha, na katika sisi sote hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukaa na mmoja wao akamuuliza habari za nyumbani.

Nayasema haya nikiwa mzee mstaafu, niliyetumia ujana wangu bandarini Kilindini nikihesabu mizigo. Bandari hii ndiyo iliyokuwa mlango wa wengi wa Wayahudi waliokuja Kenya. Walishuka hapa, wakapanda gari la moshi, wakaenda bara. Sisi wenye mlango tuliwapokea mizigo, tukawaonyesha stesheni, kisha habari zao zikaishia hapo. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa na shida zetu: mkoloni, kodi, kipande, na baadaye ardhi na kazi. Lakini mji unaopokea watu miaka elfu moja una wajibu wa kujua ni nani waliopita kwake, na wajibu huo kizazi changu hakikuutimiza.

Kwa hiyo nilipostaafu, na miguu ingali ina nguvu, nilianza kuzifuata nyayo za watu hao ndani ya nchi yetu na kwa jirani zetu Uganda. Naandika ili vijana wa Bofu, Mtongwe, Timbwani na Shika Adabu wajue kwamba njia hiyo ipo, si ya mbali, na ina mengi ya kufundisha.

Kijana wa Likoni hahitaji pasipoti kuianza. Na avuke feri, aende mpaka Fort Jesus, asimame juu ya ukuta unaotazama bahari. Tarehe 7 Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya mji huu, na kila mtoto wa shule amefundishwa hivyo. Asilofundishwa ni kwamba majedwali ya jua waliyoyatumia mabaharia wa Ureno kujua wako wapi baharini yalitokana na kazi ya mwanafalaki Myahudi, Abraham Zacuto. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote nchini mwao, naye akakimbilia Ureno, ambako mfalme aliitumia elimu yake. Mwaka 1496 kitabu chake cha majedwali kikapigwa chapa katika mji wa Leiria. Mwishoni mwa mwaka huo huo Mfalme Manuel akatoa amri kwamba Wayahudi waiache dini yao au waiache nchi. Zacuto akafungasha tena, akaenda zake hadi Tunis, akapata kimbilio katika nchi ya Waislamu. Meli zilizokuja kuielekezea Mombasa mizinga zilitumia elimu ya mtu ambaye wenye meli walikuwa wamekwisha kumfukuza. Mimi nililelewa nikiona Fort Jesus ni habari ya Mreno na Mwarabu na Mswahili peke yao. Sasa nikiwapeleka wajukuu pale, namtaja na Zacuto.

Kutoka Fort Jesus, njia inarudi Kilindini na kuingia karne ya ishirini. Mwaka 1903 alikuja kijana mmoja mzaliwa wa Lithuania aliyepitia Afrika Kusini, Abraham Block. Inasimuliwa kwamba Nairobi alianza kwa kushona magodoro na kuyajaza majani makavu. Mwaka 1927 aliinunua Hoteli ya Norfolk, na jina la Block likawa jina kubwa katika biashara ya hoteli Kenya kwa miaka mingi. Watu wangapi kutoka pwani walipika, walitandika vitanda na kubeba mizigo katika hoteli hizo? Ni wengi, na baadhi yao walikuwa majirani zetu. Walirudi Likoni na pensheni na hadithi za wageni mashuhuri. Hadithi ya mwenye hoteli, kwamba alikuja akiwa maskini kutoka nchi ambako watu wake walikuwa wakiuawa kwa ajili ya dini yao, haikufika barazani.

Mauaji hayo ndiyo yanayonipeleka Eldoret. Mjukuu wangu alikuwa akisoma huko, nami nilipokwenda kumtazama nilimwomba anitoe nje ya mji. Tulisimama kando ya barabara, mbele yetu mashamba ya mahindi na ngano hadi upeo wa macho, upepo wa baridi ukipuliza, nami mzee wa pwani nimejifunga shuka mbili. Nikamwambia: nchi hii unayoitazama nusura iwe makao ya Wayahudi wa dunia.

Alidhani namtania, nikamsimulia. Aprili 1903, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya Urusi, Wayahudi karibu 50 waliuawa na umati wa watu, mamia wakajeruhiwa, nyumba na maduka yakavunjwa. Dunia ilishtuka. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, akamwahidi Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, kipande cha ardhi Afrika Mashariki, huku nyanda za juu za Uasin Gishu. Watu waliuita mpango wa Uganda, kwa kuwa muda mfupi tu kabla ya hapo sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Agosti 1903, wajumbe wa Wazayuni wakakutana Basel, Uswisi, wakapiga kura: 295 walitaka tume itumwe kuitazama ardhi, 178 walikataa. Wajumbe wengi kutoka Urusi, yaani watu wa nchi ile ile ya mauaji, walitoka ukumbini kwa uchungu, kwani nyoyo zao zilikuwa Yerusalemu.

Tume ya watu watatu, Gibbons, Kaiser na Wilbusch, iliwasili Mombasa Januari 1905. Walipita hapa petu, wakapanda gari la moshi hadi Nakuru, wakapanda milima na wapagazi wao. Herzl alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Ripoti yao haikuwa ya kutia moyo, na mwaka huo huo wa 1905 mkutano mwingine wa Basel ukalikataa toleo la Waingereza. Walowezi wa Kizungu Nairobi nao, Lord Delamere akiwa mbele, walikuwa wamepiga kelele kwamba hawawataki Wayahudi.

Mjukuu wangu aliuliza swali moja tu: "Babu, na wenyewe waliulizwa?" Wenyewe hawakuulizwa. Wanandi walikuwa vitani na Waingereza miaka ile ile, na Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa kwa risasi alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani. Ardhi ilitolewa na asiye mwenyewe, ikaahidiwa watu waliokuwa wakikimbia kifo, na aliyekuwa akilisha ng'ombe wake juu yake hakujua kwamba kuna watu Basel wanapiga kura juu ya malisho yake.

Sisi wa Likoni tunaielewa habari hii kuliko wengi. Tumekaa juu ya ardhi tuliyoitwa maskwota ndani yake. Tumeliona shamba la Waitiki, ekari 930, likizozaniwa miaka nenda miaka rudi hadi hati zikatolewa 2016. Tunajua maana ya karatasi kuandikwa mbali na watu wanaokanyaga udongo. Ndiyo sababu naamini kijana wa Bofu akisimama Uasin Gishu na historia hii kichwani ataona mambo mawili kwa pamoja: uchungu wa Myahudi asiye na pa kukimbilia, na haki ya Mnandi asiyeulizwa. Nawasihi vijana wasiache moja likafuta la pili.

Nairobi inahitaji siku nzima. Jumuiya ya Wayahudi ya Nairobi ilianzishwa 1904, jiwe la msingi la sinagogi lao la kwanza likawekwa 1912, na jengo la sasa, kwenye kona ya University Way na Uhuru Highway, ni la 1955. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku ndani ya matatu bila kugeuza shingo. Kuna ukuta, kuna walinzi, na anayetaka kuingia sharti atake ruhusa mapema na aje na kitambulisho. Mtu asichukie kwa hilo. Norfolk, iliyojulikana kuwa hoteli ya familia ya Wayahudi, ililipuliwa kwa bomu usiku wa 31 Desemba 1980 na watu wakafa wakisherehekea mwaka mpya. Mlango unaofungwa kwa sababu kama hiyo haufungwi kwa kiburi.

Makaburi yao nayo yana mafunzo. Sisi tukizuru kaburi huchomeka kitawi kibichi na kumwagia maji. Wao huweka kijiwe. Mgeni akiinama atakiona kimekaa juu ya bamba, kijiwe kidogo cha kawaida cha kuokota njiani, kimewekwa na mkono wa mtu aliyekuja kusema kwamba aliyelala hapa hajasahauliwa. Waliolala hapo wengi walizaliwa Ulaya, wakafia katika nchi ambayo wazazi wao hawakuwahi kuisikia.

Baadhi yao walikuja katika miaka ya 1930, Hitler alipowageukia. Kenya haikuwapokea wengi, walikuwa mamia tu, na serikali ya kikoloni iliwawekea masharti magumu. Mmoja wao alikuwa msichana mdogo, Stefanie Zweig, aliyezaliwa 1932 na kuletwa Kenya 1938. Babake alikuwa mwanasheria huko Ujerumani. Hapa akawa msimamizi wa shamba la Mzungu mwingine, hajui ng'ombe wala mahindi. Msichana akakua akisema Kiswahili. Vita vilipoanza 1939, Waingereza wakawakamata wanaume wa aina ya baba yake kwa kuwa kwenye karatasi walikuwa Wajerumani, wakati Wajerumani wenyewe ndio waliowakimbiza. Familia ilirudi Ujerumani 1947. Mwaka 1995 Stefanie, sasa mtu mzima, akaandika kitabu juu ya maisha yale, kikawa filamu iliyopigwa hapa hapa Kenya, na filamu hiyo ikapata Oscar mwaka 2003 ikiwa filamu bora ya lugha ya kigeni. Ndani yake Kiswahili kinasikika kama lugha ya nyumbani. Mamilioni ya watu Ulaya wameyaona maisha ya wakimbizi hao kwenye filamu, na hapa kwetu walikoshukia si wengi wanaojua kwamba walikuwapo.

Gari likishuka Bonde la Ufa linapita Gilgil. Hapo, kati ya 1947 na 1948, Waingereza waliwafunga vijana wa Kiyahudi waliokuwa wakipigana nao Palestina. Walitolewa huko wakapelekwa kwanza Eritrea na Sudan, ndipo wakaletwa Kenya. Meir Shamgar, aliyekuja kuwa rais wa Mahakama ya Juu ya Israel, alisoma sheria kwa posta akiwa kizuizini. Mwenzake, Yaakov Meridor, alitoroka Gilgil mwanzoni mwa 1948 akapitia Uganda na Kongo. Waliobaki waliachiliwa Julai mwaka huo. Miaka minne baadaye, Oktoba 1952, Waingereza wale wale walitangaza Hali ya Hatari, na nchi ikajaa kambi za kuwafungia Wakenya. Manyani, moja ya kambi kubwa kabisa, iko kwenye njia yetu hii ya Mombasa, kabla hujafika Mtito Andei. Katika kizazi changu tulizungumza sana habari za Manyani. Hatukujua kwamba Gilgil ilitangulia.

Haya yote ni historia ya watu waliopita. Nilitaka kuwaona walio hai, walio Waafrika kama mimi, na kwa hilo nilikwenda Mbale.

Safari ni ndefu lakini si ngumu. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka Malaba, na basi hukufikisha Mbale, chini ya Mlima Elgon. Nje kidogo ya mji kuna kilima kinachoitwa Nabugoye. Hapo ndipo kitovu cha Abayudaya, Wayahudi wa Uganda.

Chanzo chao ni Semei Kakungulu, jemadari Muganda aliyeiteka sehemu ile ya mashariki kwa ajili ya Waingereza, akitumaini kutawazwa mfalme juu yake. Waingereza walipokwisha kumtumia wakampunguzia cheo. Akajitenga nao, akaishika Biblia akaisoma mwenyewe, na kila alivyosoma akazidi kuvutwa na vitabu vya Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Alipoambiwa kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi, alisema basi na yeye ni Myahudi. Mfanyabiashara mmoja Myahudi aliyekutana naye akamfundisha sala, kalenda na sikukuu. Kakungulu alifariki 1928, wafuasi wake wakaendelea.

Katika miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wakawa Wakristo au Waislamu. Walioshika waliomba kwa siri, na jamii iliyokuwa na maelfu ikabaki na mamia. Baada ya Amin kuanguka 1979, vijana wachache walianza kuwakusanya watu upya. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusoma Marekani akatawazwa rabi 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho North. Mwaka huo huo sinagogi kubwa jipya likafunguliwa pale kilimani.

Niliingia humo Ijumaa jioni, jua likishuka. Kofia yangu ya kushonwa kwa mkono sikuivua, maana wao pia hufunika vichwa mbele ya Mola. Nilikaa nyuma. Mishumaa ilikuwa imekwisha kuwashwa. Wakaanza kuimba, mara kwa Kiebrania mara kwa Luganda, ngoma na gitaa zikifuatisha, watoto wakiruka juu ya mapaja ya mama zao, na wazee wa rika langu wakiimba na macho yamefumbwa. Niliwaza siku za Amin. Wazee hawa waliwahi kuziimba nyimbo hizi kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, mtu mmoja yuko nje akiangalia njia. Baada ya sala tukala. Hawali nguruwe, huwatahiri watoto wao wa kiume siku ya nane, na mgeni hatoki kwao bila kula. Kwa mambo hayo sikujihisi mbali na Likoni.

Jumapili, mwenyeji wangu alinipeleka kwenye mibuni. Mwaka 2004 mkulima wa jamii yao, J. J. Keki, alianzisha ushirika wa kahawa uitwao Peace Kawomera. Alikuwa New York Septemba 2001 siku ile majengo yalipoanguka, akarudi nyumbani na nia moja: Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa kwao wauze kahawa pamoja. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani wajiunge, na uongozi wakagawana kwa dini zote tatu. Nilitazama kazi yenyewe. Tunda la buni huchumwa kwa mkono, moja moja, lile jekundu tu. Hutiwa katika mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, ganda likatoka upande huu na mbegu ikatoka upande ule ikiteleza. Mbegu huachwa ichachuke, ikaoshwa, ikaanikwa juani juu ya chanja, na watu wakaketi kuichambua, mbovu zikawekwa kando. Waliokuwa wakichambua siku ile ni mama aliyejitanda ushungi, kijana aliyevaa rozari, na mzee wa kofia ya Kiyahudi, chanja moja. Walikuwa wakizungumza bei ya mbolea.

Nilimwambia yule mzee kwamba kahawa ya Uganda hupita kwangu, kwamba maishani nimehesabu magunia yake yasiyo na idadi yakipakiwa melini Kilindini. Akacheka, akanishika mkono, akaniuliza kama kulikuwa na gunia lililopotea. Nikamjibu halikupotea katika zamu yangu. Mazungumzo hayo madogo yana thamani kwangu kuliko mijadala yote niliyohudhuria barazani juu ya Wayahudi.

Najua kijana anayesoma hapa ana swali. "Mzee, na Gaza je? Na Palestina?" Nalijibu bila kuzunguka. Moyo wangu unawalilia Wapalestina, na dua zangu wanazijua wanaoswali nami. Dhuluma ni dhuluma, aitende nani. Nimewasikitikia pia Waisraeli waliouawa bila hatia, kwani roho ya raia haina upande. Lakini yule mchambuzi wa buni wa Mbale hakutuma ndege ya vita popote, na Stefanie Zweig hakuiteka nchi ya mtu. Serikali huulizwa kwa matendo yake, na mtu huulizwa kwa yake. Kumlilia Mpalestina hakunizuii kumjua Myahudi, na kumjua Myahudi hakunifungi mdomo nisiseme ukweli juu ya Palestina. Atakayekwambia lazima uchague ujinga ili uwe na imani, usimsikilize.

Sisi wa Mombasa tumekwisha kulipa gharama ya kutotofautisha. Tarehe 28 Novemba 2002, mwezi wa Ramadhani, gari lenye mabomu liliingizwa katika hoteli ya Paradise, Kikambala, watalii kutoka Israel walipokuwa wakipokewa. Karibu dakika hizo hizo makombora mawili yakarushwa kuipiga ndege iliyokuwa ikiruka kutoka uwanja wetu wa Moi ikielekea Tel Aviv. Makombora yakakosa. Kikambala walikufa watu 13 mbali na walipuaji: Waisraeli watatu, wawili kati yao ndugu wa tumbo moja, vijana wadogo, na Wakenya kumi, wakiwamo wachezaji ngoma wa Kigiriama waliokuja kuwakaribisha wageni kama ilivyo desturi ya pwani. Waliofanya hivyo walidai wanawapigania Waislamu. Sisi Waislamu wa Likoni tuliingia misikitini jioni hiyo na aibu nyusoni, na futari haikupita kooni.

Tena tusiseme chuki ya namna hiyo ni ya kuletwa kutoka nje peke yake. Agosti 1997 hapa hapa Likoni tuliamka na milio ya risasi. Wavamizi walikiteka kituo cha polisi, kisha wakawageukia majirani zetu waliotoka bara. Watu waliuawa, vibanda vikachomwa, maelfu wakakimbilia Kanisa Katoliki la Likoni na vifurushi vichwani. Vijikaratasi vilikuwa vimesambazwa vikiwaambia waondoke. Nakumbuka nilivyowatazama wale waliojipanga uani kanisani, mama mmoja akiwa ameshika cherehani tu, nikajiuliza inakuwaje jirani uliyekunywa naye chai jana awe adui leo. Sasa najua inavyokuwa. Huanza kwa kumzungumza mtu badala ya kuzungumza naye. Kishinev ilianza hivyo, na Likoni ilianza hivyo. Watu wakizungumzwa vya kutosha, siku moja atatokea mwenye panga, na walio barazani watashangaa.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuandika haya mwaka huu, nikiwa na nywele nyeupe. Kizazi changu kilikuwa na udhuru. Nauli ilikuwa ghali, magazeti yalikuwa machache, mpaka wa Uganda ulikuwa wa hofu siku za Amin. Kizazi cha wajukuu zangu hakina udhuru huo. Barabara ya Dongo Kundu inawatoa Likoni hadi stesheni ya Miritini bila feri, na treni inawafikisha Nairobi siku hiyo hiyo. Wana simu zenye dunia nzima ndani. Lakini nawaona wakizitumia simu hizo kusikia vile vile tulivyosikia sisi, na pengine vibaya zaidi, kwa kuwa redio yetu ilinyamaza usiku na simu yao hainyamazi. Picha ya sekunde chache inawapa hukumu ya taifa zima, wanaituma kwa wengine, wanalala.

Kijana wa Bofu, safari hii inawezekana kwa mtu wa kipato cha kawaida akijipanga. Weka akiba kama unavyoweka ya Idi. Anza Fort Jesus. Likizo ikifika nenda Nairobi, andika barua ya adabu kuomba kuliona sinagogi, uzuru makaburi ukiwa umejisitiri na kunyamaza. Pita Gilgil, pita Uasin Gishu, vuka Malaba. Ukifika Nabugoye, usipeleke mjadala kabla hujapeleka salamu. Uliza watu wazima kuhusu miaka ya Amin, kisha nyamaza uwaache waseme. Andika ulichosikia, uje utusomee.

Walimu wa Likoni, wapelekeni wanafunzi Fort Jesus na muwasimulie habari za Zacuto. Mashekhe na mapadri wetu, mnapotaja Wana wa Israili mimbarini, wakumbusheni watu kwamba Wana wa Israili wana wajukuu walio hai, wengine ni weusi kama sisi na wanalima kahawa. Na wazee wenzangu mliobaki, mliofanya kazi bandarini, kwenye reli na katika hoteli, kila mmoja wenu ana jambo aliloliona juu ya watu waliopita mlango huu: Wayahudi, Wapolandi, Wahindi, Wasomali, Waganda. Waiteni wajukuu, wakae chini na simu zao wazitumie kurekodi. Tukifa na habari hizo, Mombasa itakuwa imewapokea watu hawa mara moja na kuwapoteza milele.